Upanga wa Ofisa na Ziwa la Kisiba

Kiasi cha kilomita 15 kutoka mji wa Tukuyu, katika wilaya ya Rungwe, mkoani Mbeya, lipo ziwa dogo la mviringo lililozungukwa na kingo zenye mteremko mkali. Ramani nyingi huliita Ziwa Masoko. Wenyeji hulijua pia kwa jina la Kisiba, neno ambalo asili yake ni Kinyakyusa na maana yake ni dimbwi au ziwa. Karibu na ukingo wake limesimama jengo la mawe lililojengwa na Wajerumani kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ambalo baadaye lilitumiwa kuwa mahakama. Kwa miaka mingi imesimuliwa kwamba Wajerumani, walipokuwa wakiondoka mahali hapo wakati wa vita, walitupa ziwani fedha na silaha zao ili zisiangukie mikononi mwa Waingereza.

Masimulizi ya namna hii hayafai kudharauliwa, wala hayafai kukubaliwa bila kupimwa. Ichukuliwe kwamba mvuvi mmoja ameopoa ziwani humo kipande kirefu cha chuma chenye kipini, na watu wote wakasema kwamba ni upanga wa ofisa Mjerumani. Je, sayansi ina njia gani ya kuthibitisha au kukanusha kauli hiyo? Na je, inawezekana kumjua mtu aliyeumiliki upanga huo na kazi aliyoifanya jeshini? Makala hii inaeleza jinsi maswali hayo yanavyoweza kujibiwa kwa kuwasikiliza mashahidi wawili, yaani chuma na karatasi, na kwa nini kumsikiliza mmoja peke yake hakutoshi.

Kambi ya Masoko

Jeshi la wakoloni wa Kijerumani katika Afrika ya Mashariki liligawanywa katika kampuni za vita. Vita vilipoanza mwezi Agosti 1914 kampuni hizo zilikuwa 14, zenye askari Waafrika wapatao 2,500 na Wajerumani mia mbili na ushee. Kampuni ya Tano ilikuwa na makao yake Masoko. Kazi yake ilikuwa kulinda mpaka wa kusini-magharibi, ambako Mto Songwe uliitenganisha koloni ya Wajerumani na Nyasa ya Waingereza, ambayo leo ni Malawi.

Mkuu wa kampuni hiyo alikuwa Kapteni von Langenn-Steinkeller. Mwanzoni mwa Septemba 1914 aliivusha mpaka kampuni yake kwenda kuushambulia mji wa Karonga, ulioko kando ya Ziwa Nyasa. Waingereza nao, wakiongozwa na Kapteni Barton, walikuwa wametoka Karonga kumfuata, na majeshi hayo mawili yakapishana njiani pasipo kuonana. Tarehe 9 Septemba Wajerumani walikishambulia kikosi kidogo kilichobaki mjini, lakini askari wa Barton waliposikia milio ya bunduki walirudi, na washambuliaji wakashindwa. Von Langenn-Steinkeller mwenyewe alijeruhiwa. Baada ya hapo mpaka ulitulia kwa kiasi hadi mwishoni mwa Mei 1916, wakati majeshi ya Jenerali Northey yalipoingia kutoka kusini na kuiteka Neu-Langenburg, yaani Tukuyu ya leo. Masimulizi ya silaha zilizotupwa ziwani ni ya wakati huo wa kuondoka.

Upanga wa ofisa ulivyokuwa

Waswahili wa pwani walikuwa na majina mengi ya silaha za kukatia. Upanga mrefu ulionyooka wenye makali pande zote mbili uliitwa upanga wa feleji, na ule uliopinda uliitwa kitara. Panga za maofisa wa Ulaya wa karne ya 19 nazo zilikuwa za namna nyingi, na kila namna ilitengenezwa kwa kufuata kielelezo kilichotolewa na serikali. Jambo hili ni la bahati kwa mtafiti, kwa kuwa kielelezo kina tarehe.

Kielelezo cha upanga wa maofisa wa jeshi la miguu la Prusia kilitolewa mwaka 1889. Bapa lake limenyooka. Kingio la mkono limetengenezwa kwa shaba nyeupe, yaani mchanganyiko wa shaba na zinki, nalo lina sura ya tai aliyekunjua mbawa. Sehemu yake moja hukunjwa kwa bawaba ili upanga ukae vizuri kiunoni. Kipini kimezungushiwa uzi wa madini, na juu yake huwekwa herufi za jina la mfalme, Wilhelm wa Pili. Upanga wa maofisa wa jeshi la miguu la Uingereza wa kielelezo cha 1897 una bapa lililonyooka pia, lenye urefu wa sentimita 82 hivi, lakini kingio lake ni la chuma cha pua na lina herufi za mfalme au malkia wa Uingereza. Kwa hiyo hata kabla ya kuingia katika maabara, kingio peke yake laweza kueleza kama upanga ulikuwa wa upande huu au upande ule. Hapana budi kuuliza swali hilo, kwani baada ya Mei 1916 Waingereza nao walikaa katika nchi hiyo hiyo.

Inafaa pia kukumbuka kwamba mwaka 1914 upanga haukuwa tena silaha ya maana vitani. Katika vita vya Afrika ya Kusini vya 1899 hadi 1902 maofisa Waingereza walikwisha kujifunza kwamba upanga kiunoni ulimtambulisha ofisa kwa adui aliyekuwa na bunduki ya kupiga mbali. Kwa sababu hiyo upanga ulibaki kuwa alama ya cheo: ulivaliwa kwenye gwaride na kwenye sherehe, na wakati wa safari ya vita ungeweza kuachwa kambini. Upanga uliokutwa karibu na kambi, basi, si ushahidi kwamba palipiganwa vita mahali hapo.

Kukisoma chuma

Shahidi wa kwanza ni chuma chenyewe. Karibu na kipini, penye sehemu isiyonolewa, mara nyingi mtengenezaji alipiga chapa yake. Panga nyingi za Kijerumani zilitoka katika mji wa Solingen, ambao umesifika kwa ufuaji wa panga na visu kwa karne nyingi, na jina la mji huo huonekana kwenye bapa pamoja na jina au alama ya kiwanda. Kiwanda cha Wilkinson cha London, kwa upande wake, tangu katikati ya karne ya 19 kilipiga namba kwenye mgongo wa panga zake bora na kuiandika katika daftari la mauzo. Namba hiyo ikisomeka, na ukurasa wa daftari ukipatikana, mnunuzi wa kwanza aweza kujulikana.

Jambo moja huwapotosha wengi. Maofisa wa Prusia na wa Uingereza walijinunulia panga zao wenyewe, lakini askari wa kawaida walipewa silaha na serikali. Silaha ya serikali ilipigwa mihuri ya ukaguzi, na mara nyingi alama ya kikosi; upanga wa ofisa aghalabu haukuwa na mihuri hiyo. Kwa hiyo kukosekana kwa alama ya jeshi si dalili kwamba upanga ni wa bandia.

Ikiwa chapa zimekwisha kuliwa na kutu, darubini inaweza kusaidia. Panga za viwandani zilifuliwa kwa chuma cha pua, ambacho ni chuma chenye kaboni ya kiasi cha nusu asilimia hadi karibu asilimia moja. Bapa lilipashwa moto hadi kiasi cha nyuzi 800 za Selsiasi, likazamishwa ghafla katika maji au mafuta ili liwe gumu, kisha likapashwa tena moto mdogo wa nyuzi 250 hadi 300 ili lisivunjike kama kioo. Kipande kidogo cha chuma hicho kikisuguliwa na kutazamwa kwa darubini, huonyesha chembe ndogo zilizo sawasawa.

Chuma cha wahunzi wa nchi ya milima iliyo jirani ni tofauti. Wakinga wa Milima ya Livingstone walisifika kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe na mikuki, ambayo waliibadilisha kwa chakula na Wanyakyusa wa bondeni. Katika tanuri za namna hiyo chuma hakikufikia nyuzi 1,538, ambazo ndizo kiwango cha kuyeyuka kwake; kilitoka kikiwa bonge lililochanganyika na mavi ya chuma, nalo likafuliwa kwa nyundo hadi mavi mengi yakatoka. Mavi yaliyobaki huonekana kwa darubini kama mistari myeusi iliyolala kufuata upande wa kufuliwa. Tofauti hii haina maana kwamba mhunzi wa Kikinga alikuwa na ujuzi mdogo. Ina maana kwamba alitumia njia nyingine, na njia hiyo iliacha sahihi yake ndani ya chuma.

Maji, hewa na kutu

Je, upanga ungeweza kudumu ndani ya ziwa kwa zaidi ya miaka 100? Jibu linaanza na jaribio ambalo kila mwanafunzi wa kemia analijua. Misumari safi huwekwa katika mirija minne. Mrija wa kwanza una maji ya kawaida na hewa. Wa pili una maji yaliyochemshwa ili kuondoa hewa, na juu yake yamemiminwa mafuta. Wa tatu ni mkavu, na una kalisi kloridi ya kunyonya unyevu. Wa nne una maji ya chumvi na hewa. Baada ya juma moja misumari ya mrija wa kwanza na wa nne imeota kutu, na ya mrija wa pili na wa tatu imebaki karibu kama ilivyokuwa. Kutu huhitaji maji na oksijeni pamoja, na chumvi huiharakisha.

Ziwa la Kisiba linafanana na mrija wa kwanza upande wa juu, na mrija wa pili upande wa chini. Ni ziwa la kreta, lililotokana na mlipuko wa volkano. Lina upana wa kiasi cha mita 700 na kina cha mita 35 au zaidi kidogo, na halina mto unaoingia wala unaotoka juu ya ardhi. Maji ya juu hupata joto la jua na huwa mepesi, na maji ya chini hubaki baridi na mazito. Kwa sehemu kubwa ya mwaka matabaka hayo hayachanganyiki vizuri, na oksijeni hupungua sana kadiri mtu ashukavyo chini. Upanga ulioangukia pembeni, penye maji ya kina kifupi, ungeliwa na kutu kwa haraka. Ulioangukia katikati na kuzama ndani ya tope lisilo na oksijeni ungeharibika polepole zaidi, ingawa wapo bakteria wanaoweza kukila chuma hata mahali pasipo na hewa. Kingio la shaba nyeupe lingeweza kudumu kuliko bapa lenyewe.

Upanga uliozama hivyo si rahisi kuutafuta. Hata tope likiongezeka kwa milimita moja tu kila mwaka, miaka 100 ni sentimita 10, na kitu kizito hujididimiza kwa uzito wake. Chombo cha kupimia usumaku huweza kutambua chuma kilichofukiwa, lakini mawe ya volkano ya Rungwe nayo yana madini ya usumaku, na huweza kukidanganya chombo hicho.

Usumaku huo, hata hivyo, umeleta faida nyingine kubwa. Wanasayansi walitoboa tope la ziwa hilo, wakatoa nguzo ndefu za matabaka, na kwa kupima usumaku wa kila tabaka pamoja na chavua na majivu ya volkano wakaisoma historia ya mvua na ukame wa nchi hiyo kwa muda wa miaka 45,000. Mwaka 2015 watafiti wengine walionyesha kwamba samaki wa jamii moja wanaoishi humo wameanza kugawanyika kuwa aina mbili, moja ya maji ya juu na nyingine ya vilindini. Mtu atakayelichimbua tope hilo kwa kutafuta fedha za Wajerumani ataharibu kumbukumbu ya miaka 45,000 kwa tamaa ya kitu cha miaka 100.

Ushahidi wa karatasi

Shahidi wa pili ni karatasi. Utumishi wa ofisa huandikwa mahali pengi: katika orodha za vyeo zilizochapwa, katika barua za serikali, katika taarifa za vita na katika vitabu vya kumbukumbu vya waliopigana. Kumbukumbu nyingi za jeshi la Prusia ziliteketea mwezi Aprili 1945, wakati ghala lake la nyaraka huko Potsdam lilipopigwa mabomu. Lakini majalada ya utawala wa makoloni yamesalia kwa kiasi kikubwa nchini Ujerumani, na majalada mengine ya Kijerumani yamehifadhiwa katika Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam.

Utumishi wa von Langenn-Steinkeller waonyesha jinsi karatasi inavyoweza kusahihisha masimulizi. Mtu akisikia kwamba yeye ndiye aliyekuwa mkuu wa kambi ya Masoko, ni rahisi kukata shauri kwamba upanga wowote uliotupwa ziwani mwaka 1916 ulikuwa wake, na kwamba aliutupa mwenyewe. Kumbukumbu za vita zasema vingine. Baada ya kujeruhiwa Karonga hakubaki Masoko. Mwaka 1916 alikuwa Urundi, ambayo leo ni Burundi, akiongoza majeshi ya Wajerumani dhidi ya Wabelgiji. Kutoka Tukuyu hadi Usumbura ni kiasi cha kilomita 800 kwa mstari ulionyooka. Wabelgiji walipoingia Urundi alirudi nyuma kuelekea Tabora, mji ulioanguka tarehe 19 Septemba 1916. Kisha, akiwa na cheo cha meja, aliongoza safu mojawapo ya jeshi la Jenerali Wahle lililopita katikati ya nchi, na mwezi Oktoba alipigana karibu na Iringa.

Basi, Northey alipokuwa akiikaribia Tukuyu, von Langenn-Steinkeller hakuwapo Masoko. Hili halikanushi kwamba silaha zilitupwa ziwani. Halikanushi hata kwamba upanga wake ungeweza kuwa umeachwa kambini na kutupwa na mtu mwingine. Linakanusha jambo moja tu, kwamba mkono wake ndio uliotupa. Kazi ya mtafiti ni kutenganisha namna hiyo yale yaliyothibitishwa, yale yanayowezekana na yale yasiyowezekana. Chuma chaweza kutaja mahali na wakati kilipotengenezwa. Karatasi yaweza kutaja mahali mtu alipokuwa siku fulani. Mashahidi hao wakipatana, neno hupata nguvu. Wasipopatana, utafiti hauna budi kuendelea.

Wasiokuwa na upanga

Pamoja na hayo, shahidi wa chuma na shahidi wa karatasi wana upungufu mmoja wa pamoja: wote wawili humzungumza ofisa. Kampuni ya Tano ilikuwa na Wajerumani wachache. Waliobaki walikuwa askari Waafrika, na nyuma yao wapagazi waliobeba chakula, risasi na hata mizigo ya maofisa. Upande wa Waingereza hali ilikuwa ile ile. Katika kampeni nzima ya Afrika ya Mashariki Waingereza peke yao waliwaandikisha wapagazi kiasi cha milioni moja. Kwa hesabu za serikali waliokufa walizidi 90,000, wengi wao kwa maradhi na njaa, na wanahistoria wengi huamini kwamba idadi halisi ilikuwa kubwa zaidi. Hakuna kiwanda cha London au Solingen kilichoandika majina yao katika daftari.

Yapo masimulizi mashuhuri yanayolieleza jambo hili. Mwaka 1964 serikali ya Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa askari wa zamani mishahara waliyodai tangu vita. Inasimuliwa kwamba wazee walikusanyika Mwanza kupokea fedha hizo, lakini ni wachache tu waliokuwa na vyeti vya utumishi. Ofisa wa benki aliyeleta fedha akapata shauri: kila mzee alipewa ufagio na kuamriwa kwa Kijerumani afanye mazoezi ya bunduki. Baada ya nusu karne miguu na mikono yao iliijua kila amri, na hakuna aliyeshindwa. Watu hao hawakuwa na upanga wala karatasi. Historia ya utumishi wao ilikuwa imehifadhiwa mwilini, na ilitoweka pamoja nao isipokuwa pale ambapo mtu aliwauliza na kuandika.

Wajibu wa shule

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 ilivilinda vitu vilivyotengenezwa kabla ya mwaka 1863, na ilimpa waziri uwezo wa kutangaza vitu vingine kuwa vya kulindwa. Upanga wa mwaka 1889 au 1914 uko upande wa pili wa mpaka huo. Usalama wake hutegemea sana ujuzi wa wananchi walio karibu nao, na hasa wa walimu na wanafunzi ambao watu huwauliza kwanza.

Kitu cha namna hiyo kikionekana, kwanza mahali kilipopatikana paandikwe na kuchorwa ramani kabla hakijaondolewa, pamoja na kina chake na vitu vilivyokuwa karibu. Kisisuguliwe kwa msasa wala kwa mchanga, kwa kuwa chapa na maandishi ya bapa yana kina kidogo sana, na dakika chache za kusafisha zaweza kufuta jina lililodumu kwa karne nzima. Kikitoka majini kisianikwe juani. Kiwekwe katika chombo chenye maji yale yale kilimotoka hadi wataalamu wa makumbusho wapate habari. Kama ni risasi au bomu kisiguswe kabisa, bali polisi waarifiwe mara moja.

Kazi iliyo kubwa zaidi haihitaji maabara. Katika kila kijiji cha Rungwe, kama katika sehemu nyingine za nchi, wamo wajukuu na vitukuu wa watu waliobeba bunduki au mizigo katika vita hivyo. Wanafunzi wanaweza kuwaendea kwa heshima na kuandika jina la mzee aliyekwenda vitani, mahali alipochukuliwa, upande aliotumikia, njia alizopita, na kama alirudi. Kila habari iandikwe pamoja na jina la aliyeitoa na tarehe, ili wengine waweze kuipima kwa majalada ya Nyaraka za Taifa. Majalada yatangoja, wanaokumbuka hupungua kila mwaka.